Gari Lipi, Dereva Gani, Njia Ipi: Namna ya Kupima Kabla ya Kuacha Lami

Likizo inapokaribia, wenye magari yao huanza kuulizana: gari langu litafika Ziwa Natron? Litashuka Ngorongoro? Litavuka jangwa la Chalbi? Swali hilo linataja kitu kimoja na kuacha viwili. Njia ina ugumu wake, na ugumu huo hubadilika mvua ikinyesha. Gari lina uwezo wake. Dereva naye ana kiwango chake. Safari huamuliwa na kilicho dhaifu kuliko vyote katika hivyo vitatu, na mara nyingi kilicho dhaifu si gari.

Huko Moab, Marekani, njia za magari ya 4x4 hupewa namba kuanzia 1 hadi 10. Jimbo la Victoria, Australia, hutumia rangi: kijani, buluu, nyeusi, na nyeusi maradufu kwa zile ngumu kabisa. Kwetu hakuna kibao cha namna hiyo. Unaacha lami pale Mto wa Mbu, unashika njia ya Engaruka, na hakuna alama ya kukuonya kilicho mbele. Kazi ya kupima ni yako.

Hatua ya 1: Ipe njia daraja

Usiipime njia kwa kilomita. Unaweza kwenda kilomita mia za changarawe safi halafu ukakuta korongo moja la mita hamsini, na hizo mita hamsini ndizo safari yenyewe. Tafuta kipande kibaya kuliko vyote, na njia nzima ichukue daraja la kipande hicho.

Mimi hutumia madaraja matano.

Daraja la 1 ni barabara ya vumbi au changarawe inayopitiwa na greda. Gari lolote zima linapita. Hatari yake ni mwendo, kwa sababu changarawe huteleza kwenye kona na breki huchelewa kushika.

Daraja la 2 ni rafu rodi: mashimo, mawe ya ngumi, na yale matuta madogo mfululizo yanayotikisa gari mpaka boliti zinalegea, kama kipande cha Naabi kwenda Seronera huko Serengeti. Hapa unahitaji uvungu ulio juu, shokapu nzima na matairi yenye kashata. Wakati wa kiangazi 4x4 si lazima.

Daraja la 3 ni milima mikali, mchanga wa kiasi, tope la kifundo cha mguu, vijito na makorongo yenye kingo zilizochongwa. Hapa 4x4 ni lazima. Barabara za kreta ya Ngorongoro ni mfano mzuri: kutoka ukingoni hadi sakafuni ni mita zipatazo 600, hushukwa kwa Seneto na kupandwa kwa Lerai, na magari yasiyo 4x4 hayaruhusiwi kushuka.

Daraja la 4 ni makorongo marefu, mchanga mzito, mawe yanayozidi kimo cha uvungu, maji ya magotini na kupita, au mbuga ya udongo mweusi iliyolowa. Gari liwe na gia za 4L, yaani zile za kwenda polepole kwa nguvu nyingi, dereva awe amekwisha kunasua gari kwa mikono yake, na liwepo gari la pili.

Daraja la 5 hakuna njia. Ni eneo la Rhino Charge, mashindano ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Washindani hupewa vituo 13 vya kufikia ndani ya saa 10, na anayeshinda si mwenye mbio bali aliyefika kwa umbali mfupi zaidi. Kila timu ina watu wanaotangulia kwa miguu kutafuta pa kupita. Hao ni miongoni mwa madereva hodari kuliko wote Afrika Mashariki, na bado hawapeleki tairi mahali ambapo mtu hajakanyaga kwanza.

Sasa, daraja halikai mahali pamoja. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka nyufa ukikauka na kuvimba ukilowa. Ukilowa hujaza kashata zote, tairi linakuwa laini kama chupa, na 4x4 yenye matairi manne ya namna hiyo huteleza kote kunne. Njia ya Ndutu, kusini mwa Serengeti, ambayo asubuhi ilikuwa daraja la 2 inaweza kuwa la 4 kabla ya jioni. Chalbi ni vivyo hivyo: kukiwa kukavu kabisa unakwenda juu ya ganda gumu, kukilowa ganda linabaki juu na chini ni uji. Kuna njia pia zinazoshuka daraja. Barabara ya Laisamis kuelekea Sarima, karibu na Loiyangalani, ilitengenezwa upya kwa urefu wa kilomita 208 ili mitambo ya umeme wa upepo ipite, kwa hiyo simulizi za zamani za njia hiyo hazikusaidii leo. Taarifa yenye thamani ni ya wiki hii.

Hapo ndipo kuuliza watu kunapohitaji ufundi. Ukisimama na kuuliza, "Njia inapitika?", jibu ni "Inapitika," kwa sababu anayejibu anapita kwa miguu au kwa pikipiki, na pia kwa sababu hataki kukuvunja moyo. Teremka, salimia vizuri, mzee mpe shikamoo yake, halafu uliza yafuatayo. Gari la mwisho limepita lini? Lilikuwa gari gani? Lilikuwa na mzigo? Lilikwama wapi, na nani alilinasua? Mvua ya mwisho ilinyesha lini huko milimani, si hapa tulipo? Dereva wa lori la mnadani au wa basi dogo linalokwenda gulioni ni shahidi bora kuliko ramani yoyote ya simu. Ukiambiwa, "Tangu Jumatatu hatujaona gari," umeshajibiwa.

Hatua ya 2: Litazame gari kwa chini

Watu wengi hulitazama gari kwa ubavuni, pale pameandikwa 4WD. Chuchumaa.

Anza na uvungu. Pima kutoka ardhini hadi sehemu iliyo chini kuliko zote. Kwenye magari yenye eksili nzima mara nyingi ni difu, ile sanduku la gia katikati ya eksili, kwenye mengine ni bomba la moshi au kinga ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Lakini namba ya uvungu peke yake hudanganya. Subaru Forester za miaka ya karibuni zina milimita 220, Suzuki Jimny iliyotoka mwaka 2018 ina 210. Kwa karatasi Forester imeshinda. Zipeleke zote mbili kwenye korongo lenye ukingo mkali uone. Jimny ina pua fupi na magurudumu yako mbele kabisa, hivyo inaweza kukabili mwinuko wa nyuzi 37 kabla bampa haijagusa. Forester hugusa kwenye nyuzi kama 20. Hiyo ndiyo sababu bampa za magari mengi ya mjini hubaki makorongoni.

Pembe ya tumbo nayo husahaulika. Yale Land Cruiser ya safari yanayorefushwa kwenye gereji za Arusha ili yaingize viti zaidi ni magari imara sana, lakini urefu ulioongezwa katikati huleta tumbo karibu na ardhi kila unapovuka kigongo. Njia ambayo Land Cruiser fupi inaipita bila kugusa, ile ndefu inaweza kukalia tumbo na magurudumu yakabaki yanazunguka hewani. Mwenye gari refu ashushe makadirio yake nusu daraja kwenye njia za matuta na kingo.

Kisha gia. Tazama kishikizo au swichi ya pili: kama pamoja na 2H (magurudumu mawili yanavuta) au 4H (manne yanavuta) pameandikwa 4L, una gia za kwenda polepole kwa nguvu nyingi. Land Cruiser za mfululizo wa 70, Hilux ya 4x4, Prado, Jimny na Defender zinazo. RAV4, X-Trail na Forester nyingi zilizopo barabarani hazina. Huo si ubaya, ila mwisho wake ni daraja la 3, tena kukiwa kukavu. Kushuka mlima mrefu bila 4L unategemea breki, na breki zikipata moto hupoteza nguvu katikati ya mteremko, mahali ambapo huna pa kukimbilia.

Hilux na Land Cruiser za zamani huwa na habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Zikiwa FREE, hata ukiweka 4L magurudumu ya mbele hayavuti. Zizungushe mpaka LOCK kabla ya kuingia kwenye tope, maana ukishakwama utazizungusha ukiwa umepiga magoti ndani ya maji. Na gari ambalo halina difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, usiliweke 4H kwenye lami kavu, kwa kuwa magurudumu ya mbele na nyuma hayasafiri umbali sawa kwenye kona, na kinachoumia ni meno ya gia.

Loki ya difu ni jambo la kuelewa kabla ya kulipia. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwa gurudumu lenye wepesi. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, kwa mshazari, yakiinuka juu ya ardhi, gari la 4x4 linasimama hapohapo huku hayo mawili yakizunguka bure. Loki huyafunga magurudumu ya eksili moja yazunguke pamoja. Kwenye daraja la 4 inaokoa. Chini ya hapo, matairi mazuri yana faida kubwa kuliko loki, na fedha zikiwa za kitu kimoja tu, mimi ningeziweka kwenye matairi. Tairi kipara kwenye gari la bei mbaya ni tairi kipara.

Mwisho, mzigo. Hema la juu, madebe mawili ya mafuta, spea na masanduku kwenye keria vinapandisha uzito juu, na gari linaloinama ubavu huanguka mapema. Vizito vikae chini na katikati, juu viende magodoro na viti.

Hatua ya 3: Mpime dereva bila aibu

Miaka ya leseni haipimi jambo hili. Mtu anaweza kuendesha Dar es Salaam hadi Mwanza miaka ishirini na asijue kurudi kinyumenyume kwenye mlima wa changarawe. Nenda kwenye uwanja au shamba, mchana, ukiwa na mtu wa kusimama nje, ufanye majaribio haya.

Weka chupa tupu ya maji chini. Ikanyage kwa gurudumu la mbele la kushoto bila kuchungulia dirishani. Kisha ikanyage kwa la nyuma la kushoto. Anayejua magurudumu yake yalipo anaweza kupita kati ya mawe. Asiyejua anabahatisha, na kwenye daraja la 3 kubahatisha kunapasua sampu.

Simama katikati ya mlima, injini izimike. Kanyaga breki, weka gia ya rivasi, washa, achia breki taratibu, urudi chini moja kwa moja ukitumia injini kama breki. Ukishaanza kurudi, klachi usiikanyage na usukani usiukate. Gari linalogeuzwa ubavu mlimani ndilo linalobingirika. Jaribio hili ndilo linalotenganisha dereva wa daraja la 2 na wa la 3, nami singempeleka mtu Ngorongoro, wala kwenye zile kona za Hamsini na Saba za kupanda Matamba kutoka Chimala, kabla hajalifanya mpaka likawa jambo la kawaida kwake. Mwenye gari la otomatiki ajizoeze kushuka kwa kufunga gia ya kwanza, si D.

Shika usukani vidole gumba vikiwa nje ya duara. Gurudumu likigonga jiwe usukani hujizungusha wenyewe, na gumba lililo ndani huvunjika.

Badilisha tairi kwenye mchanga, siyo kwenye sakafu ya gereji. Utagundua jeki inazama, na kwamba kipande cha ubao mnene ni kifaa cha lazima.

Jaribio la mwisho halina usukani. Jiulize kama unaweza kuwaambia watu wanne waliochanga mafuta na kuomba ruhusa kazini kwamba tunarudi. Asiyeweza kusema hivyo, mshushe daraja moja hata kama mikono yake ni ya dhahabu.

Hatua ya 4: Linganisha, ukichukua kilicho chini

Umepata namba tatu. Ndogo kuliko zote katika ile ya gari na ile ya dereva ndiyo namba yako ya safari, na njia isiizidi. Land Cruiser ya daraja la 4 mikononi mwa dereva wa daraja la 2 ni safari ya daraja la 2. Hili ndilo watu hawapendi kulisikia, hasa aliyetoka kununua gari. Ukweli ni kwamba gari lenye nguvu humfikisha dereva mchanga mbali zaidi kabla halijakwama, na kule mbali ndiko hakuna mtandao wala trekta.

Kisha toa daraja moja kama mko gari moja tu. Toa jingine kama mvua inanyesha au ilinyesha usiku. Giza likiwakuta njiani, lala.

Kwa mfano, RAV4 na dereva makini wa daraja la 3, Serengeti mwezi wa Agosti: sawa, mkipita barabara kuu na kwenda polepole kwenye rafu rodi. Gari hilohilo Ndutu mwezi wa Aprili: hapana. Forester kwenda milima ya Usambara kupitia Lushoto wakati wa kiangazi: safari nzuri kabisa. Wakati wa masika, udongo mwekundu ukilowa juu ya njia nyembamba yenye bonde upande mmoja, subiri jua, na likiwaka asubuhi ondoka adhuhuri, udongo ukishashika. Prado na dereva wa daraja la 3 kwenda Natron: nendeni magari mawili, na mvua ikinyesha mlima Lengai au kwenye nyanda za Ngorongoro msivuke makorongo siku hiyo, hata kama juu yenu ni jua tupu. Maji hutoka milimani na kufika yakiwa na mawe na magogo.

Hatua ya 5: Upepo wa matairi na vya kunasulia

Kushusha upepo ndicho kifaa cha bei rahisi kuliko vyote, na wengi hawakitumii kwa kuogopa kuharibu tairi. Tairi lililopunguzwa upepo hurefusha unyayo wake, hukumbatia mawe na kuelea juu ya mchanga. Kama kwenye lami unatumia 36 PSI, kwenye rafu rodi shuka hadi 28 hivi na mwendo upungue. Mchanga mzito, 18, na usizidi kilomita 30 au 40 kwa saa, wala usikate kona ghafla, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Beba kipimo chako na kompresa ndogo ya kuunganisha kwenye betri. Bila kompresa usishushe, kwa sababu utarudi lami na tairi laini lipate moto lipasuke.

Vingine: koleo, ubao wa jeki, spea mbili kuanzia daraja la 4, maji ya kunywa ya siku mbili zaidi ya mpango, na kamba ya kuvutia yenye kutanuka pamoja na vyuma vyake vya kuungia. Hapa nataka kusisitiza. Kamba ifungwe kwenye ndoano au tundu lililoungwa na chesisi. Usiifunge kamwe kwenye kichwa cha mviringo cha kuvutia trela. Kikikatika huruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Kabla ya kuvuta, tandika koti zito au turubai katikati ya kamba au waya wa winchi, na kila asiye ndani ya gari asogee mbali, umbali wa kamba yenyewe na nusu yake. Watoto wa kijiji hukusanyika kutazama, na kuwasogeza ni kazi ya dereva.

Hatua ya 6: Ukifika kwenye mita hamsini zenyewe

Simama. Zima. Teremka. Tembea mpaka ng'ambo ya pili na urudi, ukichagua kila gurudumu litakanyaga wapi. Majini, tembea na fimbo kupima kina na sakafu, isipokuwa penye mamba au viboko; hapo usiingie wewe wala gari, subirini lingine lipite. Maji yanayokwenda kasi ni hesabu tofauti: kimo cha sentimita 30 kinaweza kulisukuma gari dogo, na 60 hubeba hata gari kubwa. Jimny, pamoja na sifa zake zote porini, kwa maelezo ya kiwanda inaruhusiwa milimita 300 tu za maji.

Mtu mmoja aongoze kwa mikono, akiwa mbele na pembeni, si katikati ya njia. Wakiongoza watatu, hakuna anayeongoza. Chagua gia kabla ya kuingia na usiibadilishe katikati. Polepole kadiri inavyowezekana, haraka kadiri inavyolazimu. Gurudumu likianza kuzunguka bila kwenda, ondoa mguu mara moja: kila mzunguko unachimba, na gari lililosimama juu ya tope linatoka kwa dakika kumi, lililojichimbia hadi eksili linachukua siku.

Wekeni saa ya kugeuka mapema, kabla hamjaondoka. Kwangu ni saa nane mchana. Ikifika bado hatujavuka sehemu mbaya, tunarudi kulala tulikotoka.

Mkifika lami, jazeni upepo, rudisha 2H, fungua habu, kaza boliti za magurudumu. Halafu chuchumaa tena. Nyasi kavu hujisokota kwenye bomba la moshi na juu ya kinga ya sampu, na joto la bomba huziwasha gari likiwa limeegeshwa na watu wamekwenda kula. Bomba likipoa, zichomoe zote kwa kijiti, na mpaka uzimalize usiegeshe juu ya majani.